Kwa nini watu wa Apple hawahami?

Swali: Wakuu, hivi Apple wanafanyaje mpaka mtu akishazoea iPhone hataki tena kusikia simu nyingine? Matangazo yao mbona hata ukubwa wa RAM (memori ya kuendeshea simu) hawautaji?

Jibu: Ndo mbinu yenyewe mkuu, hawauzi namba wanauza hisia, alafu 2015 wakaja na kampeni ya Shot on iPhone (yani "imepigwa kwa iPhone"), picha walizopiga wateja zikabandikwa kwenye mabango makubwa, yani mteja ndo anakua tangazo.

Jibu: Sawa ila kinachombana mtu ni mfumo. Saa yao ya Apple Watch haiungani na simu za Android kabisa, ukihama unaiacha. Mi naona si haki kuita yote hayo mapenzi.

Jibu: Apdeti pia jamani! iPhone 6s ya 2015 ilipata hadi iOS 15 (toleo la programu endeshi ya iPhone) ya 2021, mtu akitunzwa hivyo anarudi tu.