Nani kawapa ruhusa ya kupiga sementi kaburi la mnara?

Waungwana, samahani kwa kuingia na kelele, lakini tangu juzi roho haijatulia.

Nilivuka mlango-bahari wa Mkanda kwenda kisiwani Pate, huku Lamu, kumwona mjomba. Nikashukia Mtangawanda, nikapanda bodaboda, na njiani nikamwambia kijana asimame nisome Fatiha kwenye lile kaburi la mnara, kaburi la kale lenye nguzo ndefu ya mawe. Wenyeji mnalijua, silitaji, wasije wengine wakalimaliza. Wallahi sikulitambua. Limepigwa sementi toka chini mpaka kiunoni, rangi ya jivu kama tangi la maji. Vile vishimo vya mviringo walivyopachika wazee mabakuli ya Kichina (mabakuli yenyewe yaliibwa zamani, hiyo kesi nyingine) vimezibwa vyote. Kimoja kina alama ya mwiko, na chini yake fundi kaandika jina lake kwa msumari, sementi ikiwa mbichi. Mifuko mitupu imetupwa pale pale.

Mjomba kachoma chokaa tangu ujana wake. Hakuulizwa neno. Aliona tu mashua ikiteremsha mifuko.

Na wewe unayetaka kusema "afadhali wamefanya kitu", ngoja kwanza. Jiwe la matumbawe hunywa maji na chumvi toka ardhini, nayo lazima yapate pa kutokea. Chokaa ni laini, huuachia unyevu utoke; ikichakaa unaikwangua, unapaka nyingine, jiwe liko salama. Sementi huufungia ndani. Chumvi ikikosa njia hugandia humo humo kwenye jiwe, jiwe likawa unga, na siku sementi ikibanduka inaondoka na uso wa ukuta. Hili si elimu ya chuo. Muulize fundi yeyote pale Amu, yaani mji wa Lamu, mbona nyumba ya jirani inavuja chumvi sebuleni.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ipo tangu 2006. Kibali kiko wapi? Aliyekisaini kafika huku, au kaona picha?

Tunapigiwa ngoma Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha ya UNESCO 2001, na magofu ya Gede nayo yakaingia 2024. Mashallah, tumefurahi. Lakini Shanga, mji wa kale uliobaki magofu, ambako misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo wa miti katika karne ya 8, iko kisiwa hiki hiki, na ukienda leo utafukuza mbuzi kwanza. Pesa na wageni huishia Amu. Sisi tukikumbukwa, tunaletewa sementi.

Ninachotaka: mkandarasi na aliyemtuma waje kikao cha kijiji, mbele ya wazee, na kazi isimame kabla ya masika.

Nyongeza: mnaouliza kwa nini tusiibandue wenyewe. Jana mjomba alijaribu kipande kimoja kwa ncha ya kisu, polepole. Kikatoka na jiwe lake.