Mrejesho: Fomu ya maombi ya kazi inayouliza kabila na mimba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama fomu yetu inaruhusiwa kuuliza kabila, ndoa na ujauzito. Mlinielekeza kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004: hata mwombaji kazi analindwa. Vyote vitatu vimefutwa, na kipimo cha mimba pia.

Kuficha majina kwenye wasifu (CV), ili wasaili wasijue kabila wala dini ya mwombaji, kumesaidia nusu tu. Baruapepe ina jina kamili, mdhamini ni paroko au imamu. Dini hiyo hapo! Sasa masijala inaondoa ukurasa wa kwanza na wa wadhamini, inaandika namba, ndipo wasaili wanapewa.

Kilichokwama ni usaili wenyewe. Karatasi ya maswali sita yaleyale kwa wote, alama 0 hadi 5, bosi kaisaini, lakini wanawake bado anawauliza, "Mtoto utamwachia nani?"