Vipokezi vinafanya kazi, watu ndio hawashikani. Nifanyeje?

MpimajiNgara
Wakuu, naomba ushauri. Nasomea fizikia hapa Nairobi, na tangu Januari nimebebeshwa kazi ya kuratibu watu tisa wanaopima ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru: wawili hapa mjini, wengine Kisumu, Eldoret, Malindi, na mmoja Arusha. Kila mtu ana kipokezi cha GPS juu ya paa. Tunawinda yale mapovu yenye elektroni chache yanayozuka juu huko, kilomita 300 na zaidi, jua likishazama, yakafanya ishara za setilaiti zitetemeke. Huzidi mnamo Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana.

Machi imetuponyoka. Niliandika kwenye WhatsApp: "Tuanze saa moja, tumalize saa saba." Wa Arusha akawasha saa moja jioni, kama nilivyokusudia. Wa Eldoret, mtu wa kompyuta, akaweka 01:00 hadi 07:00, akarekodi anga iliyokwisha kutulia. Mmoja hapa mjini akadhani ni UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, akaanza saa kumi alfajiri! Nilicheka, kisha nikakumbuka ripoti nitaandika mimi.

Lakini hilo ni dogo. Wawili hawatumi data kabisa. Wa Kisumu aliniambia waziwazi: "Dada, nikituma leo, kesho nitaziona kwenye makala ya mtu, mimi niko kwenye shukrani." Na yalishamkuta kweli. Nimjibu nini?

Fundi_Antena
Kwani mnawasha na kuzima ya nini? Acheni virekodi mfululizo.

MpimajiNgara
Tunachukua sampuli 50 kwa sekunde, mkuu. Kadi inajaa, bando linaisha, na stima ya Ngara unaijua.

PutoLaJumatano
La saa ni rahisi: UTC pekee, kila mahali, hata kwenye salamu. Maputo ya hali ya hewa duniani kote hupangwa kwa 00 na 12 UTC, na kwetu hizo ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Ukishazoea hutakosea tena.

Ila nakuonya kuhusu jambo ambalo hujaliuliza. Nairobi imo katika SHADOZ, mtandao wa maputo ya ozoni wa nchi za tropiki ulioanza 1998. Vituo havikutumia kifaa kutoka kiwanda kimoja, wala mchanganyiko wa iodidi ya potasiamu (kemikali ya kupimia ozoni ndani ya kifaa) wenye nguvu sawa, na tofauti hizo zikaingia kwenye vipimo. Miaka mingi baadaye ikabidi data za nyuma zichakatwe upya. Iliwezekana kwa kuwa kumbukumbu zilikuwepo. Anza daftari leo: antena gani, programu toleo gani, nani alipanda paani na lini.

BiMkongwe
Mwanangu, huyo wa Kisumu usimwombe. Mpe.

Mapovu hayo usiku hukimbilia mashariki, tuseme mita 100 kwa sekunde. Kisumu hadi Malindi, ukihesabu kuelekea mashariki tu, ni kilomita 600 hivi. Lililopita Kisumu saa mbili usiku litafika Malindi kwenye saa tatu na dakika arobaini, kama halijafa njiani. Kasi hiyo yeye peke yake haipati, wala wa Malindi. Mtumie mchoro wa Malindi, umwache autazame. Halafu andikeni ukurasa mmoja kabla ya Septemba: mwenye kituo ana miezi sita ya kwanza na data zake, na atakayezitumia humwita awe mwandishi mwenza. Shukrani ni za aliyepika chai.

MpimajiNgara
Bi, shikamoo. Jana usiku nilimtumia mchoro wa Malindi wa tarehe 19 Machi, bila neno lolote. Dakika kumi hivi akauliza, "Hiyo ni UTC?" Nikamwambia ndiyo. Leo asubuhi nimekuta faili la usiku huohuo kwenye barua pepe. Jina lake ni "mpya_mwisho_2". Nimeanza na daftari.