Tupeane uzoefu: uliyejifungia mwenyewe mashine ya mazulia kwenye gari, yapi yalikukuta?

Povu la Tatu
Wakuu, jana nimekutana na vani nyeupe pembeni ya barabara, mtu kalala chini yake, inaonekana miguu tu, drili inalia. Milango ya nyuma iko wazi, ndani kuna mashine ya kusafishia mazulia, ile inayobaki garini na mipira yake ndiyo inaingia kwa mteja, bado imesimama juu ya mbao zake za kiwandani. Nilitaka nisimame nimwambie neno, taa zikaruhusu, honi za nyuma zikanisukuma. Nimelala nikimuwaza.

Maana nami nilianza hivyo hivyo, ila yeye angalau alikuwa chini anatazama. Mimi nilikuwa juu. Nilipima sakafu kwa tepu, nikachora alama nne za chaki, nikatoboa. La kwanza safi, la pili safi. La tatu, bati lilipoisha drili ikazama ghafla, ikagusa kitu laini. Nikajisemea ni ile lami wanayopaka chini kuzuia kutu. Nikaenda la nne! Nimekaa ninywe maji ndipo harufu ikanifikia. Tangi la mafuta la gari lile ni la plastiki na limekaa sawasawa chini ya chaki yangu ya tatu. Tundu lilikuwa upande wa juu kwa hiyo petroli haikumwagika, lakini mvuke ulikuwa unapanda ndani, na pale mbele yangu kuna drili ya umeme, na swichi ya drili inatoa cheche. Sikuigusa tena. Nilitoka kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka, nikaenda kuchomoa waya kule kwenye soketi ya nyumba.

Haya, na wengine. Tupeane uzoefu.

Kanda Mbili
Nimesoma kichwa nikadhani kuna mtu kajifungia ndani ya gari na mashine 😂 nikasema leo kuna umbea.

Povu la Tatu
Mashine ndiyo inafungwa mkuu, mimi nabaki nje.

Bolti Nane
Mimi nilitoboa bomba la breki. Sina la kuongeza.

Mama Nyuzi
Bolti Nane una bahati uligundua ukiwa umesimama.

Langu ni maji. Mume wangu alinipigia hesabu ya mashine, kilo 350, tukaona gari linamudu. Maji hatukuyahesabu, maana maji ni maji tu, nani anapima maji? Tangi la maji safi lita 400. Lita moja kilo moja, kwa hiyo nimepakia kilo 400 nyingine. Weka mipira ya kufyonzea, reli zake (magurudumu ya kuizungushia), madumu ya dawa, mimi na msaidizi wangu. Spring za nyuma zililala mpaka taa za mbele zikawa zinamulika madirisha ya ghorofani.

Lakini kilichonitia adabu si uzito, ni tangi likiwa nusu. Lilikuwa tangi la kawaida la nyumbani, halina zile kuta za ndani za kuyakata maji. Nimefika njia panda, nimekanyaga breki, gari limesimama kabisa. Kabisa! Baada ya muda wa kupepesa jicho likasukumwa mbele kidogo. Nikatazama kioo nijue nani kanigonga. Hakuna mtu. Ni maji yangu mwenyewe yamefika.

Mzee wa Spana
Tangi unaliweka nyuma ya kiti cha dereva, limeegemea ukuta wa chuma. Biashara imekwisha.

Kona Kali
Mzee kwa heshima zote, hapana. Uzito wa maji ukae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukilundika kila kitu mbele, tairi za nyuma zinateleza kwenye mvua.

Mzee wa Spana
Nimefunga mashine kabla hujajua kuendesha baiskeli. Ukilipeleka nyuma ya ekseli gari linanyanyua pua, usukani unakuwa mwepesi kama wa toroli.

Kona Kali
Nani kasema NYUMA ya ekseli? Nimeandika juu yake au mbele. Soma mzee wangu.

Mama Nyuzi
Jamani mimi sasa hivi liko katikati na natembea nalo tupu, nachota maji kwa mteja. Endeleeni kugombana.

Lala Salama
Mbona mnapenda kutoboa toboa? Mimi mashine nimeikaza kwa mikanda ya lori, minne, miaka sita sasa sijaona tatizo. Na gari nikiliuza halina hata tundu moja.

Bolti Nane
Hujaona tatizo kwa sababu hujagonga kitu. Siku utakayogonga, gari litasimama, mashine yenyewe itaendelea na safari, na wewe ndiye uliyekaa njiani.

Lala Salama
Mwenye breki zilizotobolewa leo ananifundisha usalama.

Bolti Nane
😂😂 Hiyo nimeikubali. Lakini toboa. Chini ya gari weka sahani ya chuma kwenye kila bolti, mimi nakata mraba wa sentimita 10, siyo ile washa ndogo ya nati. Washa ndogo inachana bati kama kidole kwenye karatasi iliyolowa. Na ukishatoboa paka rangi mdomo wa tundu kabla ya kupitisha bolti. Maji ya mazulia yana dawa, yakiingia pale kutu inakula sakafu kimya kimya.

Fyuzi Imekata
Mimi lilikuwa jambo la kijinga tu. Nimefunga mashine, nimefunga reli ya mipira, nimekaza kila nati mpaka mkono unauma. Kila kitu kinang'aa. Nikaenda kufunga mlango wa nyuma. Haufungi. Mpini wa reli umetokeza vidole viwili. Niliendesha kurudi nyumbani mlango umefungwa kamba, jirani akaniuliza nahama.

Mvuke
Huwa sichangii, nasoma tu. Lakini huyo aliyecheka kichwa cha mada, kuhusu mtu kujifungia ndani ya gari, amenigusa bila kujua.

Mashine yangu ina injini yake ya petroli ndani ya vani, na ndiyo inayozungusha bloa (feni inayovuta hewa na kufyonza maji machafu) na pampu. Niliifunga mwenyewe kwa wiki mbili, jioni jioni. Mambo mawili niliyaacha "nitamalizia". La kwanza ekzosi. Niliipitisha sakafuni, lakini bomba likaishia palepale chini ya tumbo la gari, sikulivuta mpaka lichomoze ubavuni. La pili ni swichi ya boya kwenye tangi la maji machafu, ile inayozima injini tangi likijaa au povu likipanda kabla halijaingia kwenye bloa. Sikuwa nayo. Badala yake nilikuwa na kijana wangu wa kazi. Anakaa ndani, anaangalia povu, likipanda ananyunyiza dawa ya kulikata. Unaona? Nilimfanya binadamu awe swichi.

Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Mimi niko ghorofa ya pili na mkono wa mashine, nasafisha korido ndefu. Kijana kavuta milango asilowe, akaacha upenyo wa mipira tu. Mvutano mzuri, maji ya moto, kazi inatoka. Mpira ukanasa kwenye ngazi. Nikapiga kelele aniachie kidogo. Kimya. Nikapiga simu, inaita. Nikashuka kwa hasira, nimeshaandaa maneno. Nikavuta mlango, nikamkuta kakaa chini, kaegemea tangi, kichwa kimelalia goti, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Wakuu, nilimfokea. Nilimfokea sentensi nzima, na mimi mwenyewe nimesimama kwenye hewa ile ile, kabla sijaona kwamba mkono wake uko ndani ya ndoo ya maji na hautoki.

Nikamburuta mpaka kwenye mvua. Alikuwa anapumua. Hospitali wakamvalisha kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kikasoma 98, nikaanza kumshukuru Mungu. Muuguzi akaniambia kisinidanganye, kaboni monoksidi ikishika damu kidude hicho kinaihesabu kama oksijeni. Wakapima damu yenyewe, wakamwekea oksijeni usiku kucha.

Moshi ulikuwa unatoka chini ya gari na kurudi ndani kupitia matundu niliyotoboa ya mipira. Sikuyaziba. Nayo nilikuwa "nitamalizia".

Mama Nyuzi
Pole sana baba. Nimeacha chai.

Kona Kali
Hii ndiyo hatari yake, gesi yenyewe haina harufu wala rangi. Unaweza kusikia harufu ya moshi wa kawaida ukaizoea, ile inayoua huisikii. Wekeni king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya gari.

Lala Salama
Mimi nilikiweka, kilikuwa kinalia kila siku mpaka nikatoa betri.

Mzee wa Spana
Kinalia kila siku kwa sababu kila siku kuna moshi, mwanangu!!! Rudisha betri leo. Usingoje kesho.

Kona Kali
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mzee.

Fyuzi Imekata
Feni ya paa inatosha?

Mvuke
Feni ni ya kutoa joto. Inavuta hewa kutoka popote inapoipata. Kama bomba la ekzosi liko chini ya tumbo na sakafu ina matundu, feni itakuvutia moshi ndani vizuri zaidi.

Mgeni Hapa
Naomba kuuliza, nataka kufunga yangu mwezi ujao. Mafuta ya mashine nichukue kwenye tangi la gari au niweke dumu lake?

Mzee wa Spana
Tangi la gari.

Fyuzi Imekata
Weka la kwake.

Bolti Nane
Ukichukua kwenye la gari nunua vifaa vinavyoendana na gari lako, usikate bomba na kuunga kwa mpira na klipu. Na mpira wa mafuta usipite karibu na ekzosi. Dumu la plastiki ndani ya vani yenye injini ya moto, hapana, hata kama shemeji yako anafanya hivyo.

Povu la Tatu
Na kabla ya kutoboa lala chini na tochi. Toboa kimoja chembamba kwanza, shuka, angalia kimetokea wapi.

Mgeni Hapa
Nimeanza kufikiria kumpa fundi.

Bolti Nane
Mpe. Kisha shuka chini uangalie alichofanya.

Kanda Mbili
Mvuke, samahani kwa ule utani wangu wa juu. Yule kijana yupo?

Mvuke
Hukukosea kitu. Yupo. Kichwa kilimsumbua wiki kadhaa, na alikuwa akisahau majina ya wateja, baadaye ikaisha. Siku aliyorudi alikuja na mfuko mdogo. Alikuwa amenunua swichi ya boya kwa hela yake mwenyewe. Akanikabidhi mkononi, akasimama pale mlangoni mpaka nikaifunga.

Mama Nyuzi
🙏

Povu la Tatu
Leo nimepita tena pale nilipomwona yule jamaa. Vani haipo. Vimebaki vinyweleo vya chuma vilivyotoka kwenye drili na alama ya chaki kwenye ukingo wa barabara. Nimeegesha, nikashuka, nikainama nikanusa lami kama mwehu, watu wananiangalia. Hainuki petroli.