Naomba ushauri: kununua gari mnadani kwa intaneti bila kuligusa

Ndugu wanachama, salamu kutoka Lubumbashi. Ninauza magari yaliyotumika, nami nilizoea kununua gari baada ya kuinama chini yake na kusikiliza injini ikiwashwa ingali baridi. Tangu janga la UVIKO-19 la mwaka 2020, minada mingi ya wafanyabiashara, hata ya Uingereza, imehamia kwenye intaneti. Na kwa ile ya Japani, yanakotoka mengi ya magari tunayopokea kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, wakala hunitumia picha na karatasi ya ukaguzi tu.

Karatasi hiyo naisoma: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa, na daraja R ni gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Kinachonisumbua ni yale ambayo mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo hauyaonyeshi vizuri, hasa hali ya giaboksi, kwa maana fedha ninazotumia ni akiba za wateja wangu.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: kabla ya kuweka bei, mnamwomba wakala video ya injini, au mnalipia mkaguzi wenu wenyewe? Na gari likifika mpakani na kasoro isiyoandikwa, mnamdai nani, na ndani ya muda gani?