Naomba ushauri: wanafunzi, picha za zamani na mahojiano na wazee

Habari zenu wakutubi wenzangu. Mimi ni mkutubi wa chuo, Dar es Salaam. Muhula huu nafundisha wanafunzi 28 kusoma picha za zamani za jiji, kisha wawahoji wazee kuzihusu.

Tulianza na Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyozinduliwa 1927. Wakaitazama, wakasema "ni mwanajeshi", basi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini singe, kile kisu cha mbele ya bunduki yake, imeelekea bandarini, wala mpiga picha alisimama wapi. Kwa mzee nako mambo ni yale yale: "Babu, hapa ni Posta?" "Ndiyo, mjukuu wangu." Kimya. Rekodi nzima dakika nne, na mzee yule ana mengi moyoni. Inaniuma sana.

Nimejaribu kufunika nusu ya picha kwa karatasi wakisie kilichofichwa. Kutazama kumeboreka, kuuliza bado. Orodha ya maswali niliyowapa waliisoma kama risala.

Naombeni mnisaidie: mnawafundishaje kugeuza walichokiona kuwa swali linalomfungua mtu? Na picha aonyeshwe mzee mwanzoni, au baada ya kusimulia kwanza? Nahofia ikitangulia itamwekea maneno mdomoni.

Asanteni sana.