Kuondoka Mtwara bila kuacha deni wala kinyongo

Habari zenu, ndugu. Mkataba wa nyumba Shangani unaisha tarehe 30, halafu safari ni Mombasa kupitia Dar. Nianze na nini: nyumba, laini au mizigo?

*

Dada, anza na watu. Wiki mbili kabla, mwambie mwenye nyumba kwa mdomo, kisha umtumie ujumbe wenye tarehe, hata kama mkataba unaisha wenyewe. Siku hiyohiyo mwambie jirani wa mlango wa pili na mama wa genge. Mtu akiondoka kimya watu husema katoroka, na hata godoro zuri linakosa mnunuzi kwa sababu wanadhani lina mgogoro. Ukiaga mapema, majirani wenyewe ndio wanaoleta wanunuzi wa kitanda, feni na mtungi wa gesi, na dalali hapati pa kukata.

Kisha mita. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba, kwa hiyo yuniti zinazobaki huwezi kuhama nazo wala kurudishiwa pesa. Wiki ya mwisho nunua kidogokidogo, umeme wa siku mbili tatu. Wapangaji wengi husahau kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Fungua zile jumbe za manunuzi zenye tokeni ya tarakimu 20. Makato yameandikwa humohumo. Jumlisha ya miezi yote uliyokaa, mwonyeshe, mkubaliane kabla ya kukabidhi funguo. Zikishatoka mkononi mwako, mazungumzo hayo huwa magumu.

Maji ni kinyume chake: unatumia kwanza, bili inafuata, na ya mwezi wa mwisho itakuja umeshaondoka. Asubuhi ya makabidhiano piga picha ya mita, namba zote zionekane, mwenye nyumba akiwepo. Toeni usomaji wa bili iliyopita, mpate yuniti, umwachie fedha yake, naye akuandikie kuwa amepokea. Ukiacha bila kufanya hivyo, deni lako litamwangukia mpangaji ajaye, na jina lako litatajwa vibaya na mtu ambaye hata hamjuani.

*

Naongeza la laini. Kabla hujapanda basi, badilisha namba ya Tanzania kila mahali inapopokea msimbo wa uthibitisho: benki, barua pepe, WhatsApp. Laini ikikaa miezi bila kutumika hufungwa, baadaye namba hupewa mtu mwingine, na misimbo yako inamfikia yeye. Salio la M-Pesa linaweza kutumwa moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Kenya. Tuma kiasi kidogo kwanza, ukithibitisha kimefika kwa mwenyewe ndipo utume kilichobaki, ila bakisha cha tiketi na chakula cha njiani.

Zawadi: korosho, najua. Usinunue zenye maganda. Korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya msingi vya wakulima na mfumo wa stakabadhi ghalani. Anayekuuzia uchochoroni anafanya kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya utaratibu huo, na mzigo huo utakuponza barabarani. Tena ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Chukua zilizobanguliwa na kukaangwa, na uonje kutoka chini ya mfuko, maana za juu huwa zimechaguliwa. Hakikisha zimepoa kabisa kabla ya kuzifunga: zikifungwa zikiwa na moto zinatoa jasho, zinalainika, na baada ya siku chache zinanuka mafuta ya zamani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, kwa hiyo tumia ndoo ndogo yenye kifuniko cha kubana.

Kinyago cha mpingo kigeuze utazame kitako. Ukiona nyufa nyembamba kama unywele zinazoanzia katikati, mti ulichongwa ukiwa mbichi, na ukifika kwenye hewa kavu utapasuka zaidi. Omba risiti. Vitu vya gamba la kasa viache kabisa. Biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kama ni bangili moja.

*

Barabara haijasemwa. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, na mabasi hutoka stendi ya Mkanaledi alfajiri. Pagumu ni Somanga wakati wa mvua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande huo na magari yakakwama. Kwa hiyo msimu wa mvua, mwenye ndege au miadi asiipange kesho yake. Aweke siku mbili za akiba Dar. Tazama pia tarehe kwenye muhuri wako wa kuingia. Siku zikiwa zimekaribia kwisha, pita Uhamiaji hapa Mtwara; usisubiri ukafika Horohoro, mpakani na Kenya. Mwenye kibali cha ukaazi naye apite akaulize utaratibu wa kukirejesha.

Daftari la dukani lifungwe siku tatu kabla. Mwombe Mangi akusomee mstari kwa mstari, lipa, naye akate jina mbele yako. Fanya hivyohivyo kwa bodaboda wako, fundi cherehani, na muuza samaki wa Feri kama alikuwa anakukopesha.

Kuaga kwenyewe ni jioni ya kabla ya safari, nyumba kwa nyumba, ukianza na wazee. Shikamoo kwanza, kisha maneno machache: "Nimekuja kuaga. Kama nimekukosea, naomba radhi. Kama unanidai, niambie." Naye atakuomba radhi. Msubiri amalize, usishike simu. Ukipewa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku, pokea kwa mikono miwili hata kama begi limejaa. Ifunge kwenye karatasi, uile siku hiyohiyo njiani.